Antoni wa Shambani

Kila asubuhi Natalina alifagia mbele ya kibanda cha Mtakatifu Antoni, akaweka ua juu ya jiwe lisilo na mtakatifu mwenyewe, kisha akazunguka nyuma ya zizi la mbuzi kung'oa muhogo wa kunywea chai. Muhogo wa Lobule hauna kiburi. Ukiushika shina na kuutikisa kidogo, unakuja. Lakini asubuhi hiyo, siku moja kabla ya sikukuu, muhogo ulikataa. Natalina akautikisa, ukakataa. Akatanua miguu, akauvuta kama anayevuta ndama asiyetaka kwenda mtoni, na ulipokubali ulikubali ghafla, ukamwangusha chali, na kitu kizito kikamtua tumboni.

Alikuwa mwanamume wa saruji, urefu wake kama mtoto mchanga, amevaa kanzu ya kitawa na kubeba mtoto mkononi. Mzizi wa muhogo ulikuwa umemzunguka kiunoni kama mshipi.

"Samahani," Natalina alimwambia, maana alilelewa vizuri.

Kisha akatambua ni nani aliyelala juu yake. Mtu mwingine yeyote angepiga vigelegele mpaka Koboko mjini wasikie. Natalina alivua kitambaa cha kichwani, akamfunika mtakatifu uso, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku.

Ili mtu aelewe hofu yake, lazima ajue mahali hapa palivyoanza kuwa mahali pa hija.

Miaka ile ya vita, watu wa West Nile walipokuwa wakikimbilia Sudan na Kongo, kila mmoja alizika alichoshindwa kubeba. Huyu alizika sufuria, yule akazika baiskeli, mwingine akazika milango ya nyumba yake. Acidri, babu yake Natalina, siku hizo alikuwa katekista kijana, na yeye akazika sanamu ya Mtakatifu Antoni iliyotengenezwa na bruda mmoja Mwitaliano aliyependa saruji kuliko chakula. Acidri hakuwa mtu wa kufanya mambo ovyo. Alitafuta kwanza alama ya kumsaidia kukumbuka. Mti unaweza kukatwa, aliwaza, na jiwe mtu anaweza kulibeba akalijengee jiko. Basi akachagua mbuzi. Alimzika mtakatifu pale mbuzi wake aliposimama, akaliweka hilo moyoni, na miaka yote ya ukimbizini alilirudia kila jioni baada ya sala ili asije akalisahau.

Hakulisahau. Aliporudi nyumbani alikumbuka vizuri kabisa. Aliyekosekana ni mbuzi.

Akaanza kuchimba. Majirani wakamsaidia, kwa sababu Antoni ndiye mtakatifu wa vitu vilivyopotea, na kuacha yeye mwenyewe apotee ilikuwa aibu kwa parokia nzima. Walichimba shamba lote wasimpate. Lakini walipata sufuria za watu, wakapata baiskeli, wakapata kengele ya kanisa, na siku moja wakapata cherehani iliyofungwa katika ngozi ya ng'ombe. Kila walipomkosa mtakatifu, mtu mwingine alirudishiwa mali yake. Ndipo wazee wakakubaliana kwamba Antoni hajapotea, yuko kazini.

Tangu hapo watu wakaja. Waliopotewa na kitu walifika kila mtu na jembe lake, wakakitaja walichopoteza, wakachimba kidogo, kisha wakachomeka kipande cha shina la muhogo katika shimo kama shukrani. Ndiyo maana shamba la Acidri lililimwa vizuri kuliko yote Lobule bila yeye kuajiri mtu. Sheria ilikuwa moja tu: unapokea unachopewa. Mwanamume mmoja wa Omugo alitafuta simu akapata kijiko, akaondoka ameridhika. Night Poni, mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mto Kaya ambaye sauti yake hufika mahali kabla yake, alikuja kumtafuta mume aliyepotelea Juba. Akachimba, akapata kufuli zima na ufunguo wake. Alilitazama, akaelewa, akaenda kulifunga mlangoni. Hajamtafuta tena mume, ila kila mwaka huja kushukuru.

Padri wa zamani alijenga kibanda na kuweka jiwe ambalo mtakatifu angesimama juu yake atakapopatikana. Na siku jiwe lilipobarikiwa, Acidri alisimama mbele ya watu wote akatamka neno ambalo hakuna aliyelisahau: "Sitakufa kabla sijamwona."

Hapo ndipo penye tatizo.

Kwa sababu Acidri kweli hakufa. Aliumwa malaria ambayo wengine waliiaga nayo dunia, yeye akaamka akiomba samaki. Nyuki walimvamia. Nguzo ya kanisa ilimwangukia. Swaib wa bodaboda alimbeba siku ya mvua wakaingia wote wawili katika mtaro, pikipiki ikafa, Acidri akatoka akitafuta kofia yake. Ilifika mahali muuguzi wa kituo cha afya, akiletewa mzee huyu, aliuliza kwanza kama mtakatifu amepatikana. Akiambiwa bado, alitoa vidonge vya maumivu na kumrudisha nyumbani. Asuman, seremala wa majeneza, alikuwa ameshamfuta katika hesabu zake.

Na sasa mtakatifu alikuwa mikononi mwa Natalina, ananuka udongo, akitabasamu.

Natalina alikuwa amemaliza chuo cha ualimu Arua na alikuwa anasubiri kazi. Alijua biolojia. Alijua kwamba moyo wa mzee hausubiri ruhusa ya sanamu ya saruji. Lakini babu huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemsuka nywele kwa vidole vya kushikia jembe, vibaya sana, mpaka shuleni walimwita shamba la karanga. Katika jambo kama hilo, biolojia ilionekana si kitu cha kujaribia bahati. Alitamani sana kwenda kumwambia. Lakini Natalina alikuwa mtu ambaye maneno humfika kooni yakakaa chini kupumzika. Babu aliita kutoka ndani akauliza kama muhogo umepatikana. Alijibu kwamba umepatikana, muhogo tu, hakuna kingine, muhogo wa kawaida.

Alimweka mtakatifu uani, akamfunika kwa beseni, akakaa juu ya beseni.

Hapo ndipo Hajati Kadijah alipomkuta. Mama huyu Mnubi wa Koboko mjini alikuja kila mwaka siku moja kabla ya sikukuu, na birika zake, vikombe na gunia la unga, kuwapikia mahujaji mandazi. Cherehani ile iliyofukuliwa ilikuwa ya mama yake. Watu wakimshangaa alikuwa na jibu moja: "Mimi si Mukatoliki. Lakini mutu akikurudishia cherehani ya mama yako, unamusalimia."

Alishuka kwenye bodaboda ya Swaib, akaingia uani, na papo hapo akajua kuna jambo. Natalina, ambaye humpigia magoti hata mgeni anayeuliza njia, alimwamkia akiwa amekaa.

Hajati aliweka birika chini. Aliuliza kama anaumwa mgongo. Natalina akasema hapana. Aliuliza kama anaumwa tumbo. Natalina akasema kidogo.

"Inuka," Hajati akasema.

"Siwezi, Hajati."

"Chini ya beseni iko nini?"

Natalina alifungua mdomo. Maneno yakafika kooni, yakakaa. Mwishowe aliinua ukingo wa beseni kidogo, na mguu wa saruji ukaonekana. Hajati Kadijah aliuangalia. Kisha akaangalia kule ndani ambako mzee Acidri alikuwa anakohoa na kutafuta viatu vyake, akajipiga paja, akakaa na yeye juu ya beseni. Hakuhitaji kuelezwa. Miaka yote hiyo alikuwa amemletea mzee yule mandazi ya kwanza kutoka kwenye mafuta, na hakuwa tayari kuyapeleka kaburini.

Walishauriana kwa kunong'ona. Wazo la kwanza lilikuwa kumzika tena, na lilikufa mara moja. Mahujaji walikuwa wameshaanza kufika na majembe begani, na kufikia mchana pasingebaki hata mahali pa kuku kusimama ambapo hapajachimbwa. Mwaka jana mtu alichimba chini ya kiti cha padri na padri akiwa amekikalia. Shimo la choo Natalina alilikataa kwa heshima. Ndani ya birika hakuenea, walijaribu.

Ikabaki kumpeleka nyumbani kwa Hajati mjini, akakae chini ya kitanda mpaka hapo Mungu atakapoamua. Swaib alikuwa anasubiri barabarani. Shida ni kwamba Swaib alikuwa kijana mwema asiyeweza kutunza siri hata akiwa na andazi zima mdomoni. Ilibidi asijue anambeba nani.

Hajati Kadijah alimpima mtakatifu kwa macho, kichwa mpaka miguu. Kisha akampima Natalina mgongo.

Baada ya muda mfupi Natalina alitoka nyumbani akielekea barabarani, Mtakatifu Antoni amefungwa mgongoni kwa kitenge cha maua makubwa, naye mtakatifu amembeba mtoto wake huko huko ndani. Alikuwa mzito kama dhambi. Pua yake ilimchoma Natalina katikati ya mabega. Hajati alitembea nyuma akimbembeleza mtoto kwa wimbo wa Kinubi, na ukimtazama kwa haraka ungeamini kabisa.

Njia ilikuwa fupi, na ingekuwa fupi zaidi kama asingetokea Night Poni.

"Weh, Natalina! Mtoto!"

Njia yote iligeuka. Night Poni alitua mzigo wake, akamzunguka Natalina mara moja kama anayekagua ng'ombe mnadani, akauliza jina la mtoto. Natalina hakujua kusema uongo wa ghafla, kwa hiyo alisema kweli. Antoni. Night Poni akafurahi mno, akasema hilo ndilo jina la mahali. Akauliza kama amelala. Natalina akasema ndiyo, amelala muda mrefu. Mama yule akaingiza mkono chini ya kitenge akashika mguu, na uso ukambadilika.

"Mguu baridi hivi! Na mgumu! Mtoto huyu hamumpi maziwa?"

Akavua shali yake mwenyewe akamfunika mtoto juu ya kitenge, jua likiwa kali. Halafu akauliza, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, baba yake nani. Natalina aliangalia vidole vyake vya miguu. Night Poni alielewa yote, yaani yale yote ambayo hayakuwa. Alimshika bega akamwambia asilie, wanaume ndivyo walivyo, aende akachimbe pale mbele na yeye atapata kufuli.

Habari ya West Nile haitembei kwa miguu ikiwa kuna baiskeli. Kijana mmoja mwenye baiskeli alikuwa amesikia, na kabla Natalina hajaifikia pikipiki, kelele zilisikika nyuma yake. Hajati aliacha kuimba. Natalina aligeuka.

Babu yake alikuwa anakuja mbio, mbio za mzee, yaani mikono inakimbia na miguu inafuata kwa nafasi yake. Nyuma yake walikuja mahujaji na majembe yao, na Padri Angelo wa parokia, aliyekuwa amefika kupanga viti na bado amebeba kimoja.

Natalina alingoja kugombezwa. Alikuwa tayari. Aibu ya kuzaa kimya kimya chuoni ilikuwa kubwa, lakini ukiipima na jeneza la Asuman ilikuwa nyepesi kama unyoya. Akisema ni mtoto, babu anaishi. Ndivyo ilivyokuwa, hesabu ya darasa la kwanza.

Mzee Acidri alifika, akashika magoti, akahema. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Mtoto," alisema. "Na ukanificha mimi? Nani alikwambia nitakasirika?"

Natalina hakuwa amejiandaa kwa hilo. Babu hakuuliza baba ni nani. Alimweleza Padri Angelo, akihema, kwamba mtoto atabatizwa kesho mbele ya jiwe, kwamba mbuzi mweupe atachinjwa, kwamba atamchongea jembe dogo la mpini laini, maana mtu akianza mapema mgongo huzoea. Kwamba alikuwa amedhani nyumba yake imeishia kwa Natalina, na sasa tazama. Padri Angelo akaweka kiti chini ili atoe kalenda. Swaib, aliyesikia yote kutoka juu ya pikipiki, alikuwa ameshampigia simu mtu wa Oraba kumjulisha.

"Ni wako kweli?" Babu akauliza.

Natalina akatikisa kichwa kukubali. Kidogo tu, lakini kila mtu aliona.

"Basi nipe nimshike."

Hajati Kadijah alisema upesi kwamba mtoto ana homa. Kisha akasema ana upele. Kisha akasema kwao Wanubi mtoto hashikwi na mwanamume kabla ya adhuhuri, na Wanubi wawili waliokuwa pale wakatazamana kwa mshangao. Babu hakusikia hata moja. Alikuwa ameshatupa jembe na kunyoosha mikono yote miwili, ile iliyosuka nywele vibaya, na Natalina hakuweza kuinyima. Alilegeza fundo.

Mzee alimpokea mtoto, na magoti yakainama.

"Huyu," alisema, "ananyonya nini?"

Akafunua shali. Akafunua kitenge.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha ajabu kwa umati wenye Night Poni ndani yake. Mtakatifu Antoni aliwatazama wote kwa tabasamu lilelile, udongo puani, kipande cha mzizi bado kiunoni. Mtu mmoja akapiga ishara ya msalaba. Kisha, taratibu, macho yote yakahama kutoka kwa mtakatifu yakamwendea Acidri, na watu wakaanza kumtazama kama mtu anavyotazama taa ya mafuta iliyoanza kupepesuka. Padri Angelo akasukuma kile kiti nyuma ya mzee ili asije akaanguka. Mama mmoja wa Omugo akaanza kulia kabisa, kwa kujitayarisha. Asuman seremala, aliyekuja kutafuta msumeno wake, alijikuta anampima mzee kwa jicho kutoka kisogo mpaka kisigino, akaona haya, akatazama mawingu.

Acidri alikaa. Alimlaza mtakatifu mapajani. Kwa muda alimpangusa udongo kwa kidole gumba, kwanza uso wake, kisha uso wa mtoto aliyembeba.

"Ulimpata wapi?"

"Nyuma ya zizi," Natalina akajibu. "Mbuzi anapofungwa."

Mzee akafumba macho. Mbuzi wote wa nyumba hiyo, tangu wa kwanza, walifungwa mahali pale.

"Na kwa nini ulimbeba kama mtoto ukamkimbiza?"

Natalina akafungua mdomo. Maneno yakafika kooni kama kawaida, yakatafuta mahali pa kukaa. Aliangalia mikono ya babu yake juu ya saruji, na kiti cha padri, na mama wa Omugo anayelia kabla ya wakati wake, na akasikia hasira, kitu ambacho hakukizoea. Akapiga magoti.

"Sitaki ufe," alisema.

Haikusikika kwa wote, kwa hiyo akaisema tena, kwa nguvu, hata mbuzi wakageuka.

"Babu, mimi sitaki ufe!"

Acidri alimtazama mjukuu wake. Kisha akamwinua mtakatifu, akamshika mbali na macho kama mtu anayesoma bila miwani. Akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule, akamwangalia kisogoni.

"Huyu siye," alisema.

Watu wakanong'ona. Padri Angelo, ambaye alisomea watakatifu miaka mingi seminarini, alifungua kinywa kutaja kanzu ya kitawa na mtoto mkononi, na Hajati Kadijah akamtia andazi.

"Siye," mzee akarudia, kwa sauti ya kikatekista. "Yule wangu alikuwa na masikio makubwa. Huyu ni Antoni wa watu wengine. Mwekeni pale kwenye jiwe, akae kama mgeni mpaka mwenyewe apatikane. Na ninyi mmesimama nini? Chimbeni."

Mama wa Omugo akafuta machozi, akaomba jembe. Asuman akacheka kwa furaha ya kweli, akaenda kuutafuta msumeno wake. Night Poni alidai shali yake, kisha akabadili mawazo akamwachia mgeni, na ndivyo mahujaji wanavyomkuta mpaka leo, juu ya jiwe, na shali ya Juba mabegani, hakuna anayethubutu kuuliza habari ya masikio.

Umati ulipotawanyika Natalina alibaki amepiga magoti. Babu alijiinua kutoka kwenye kiti, akaokota jembe lake, akalitumia kama fimbo mpaka akamfikia. Kila Jumapili kwa miaka mingi alikuwa akiwaambia watu kwamba amechoka, kwamba yuko tayari, kwamba Bwana amchukue saa yoyote. Aliinama, akamtoa Natalina kipande cha mzizi nyweleni, akamsogelea sikio.

"Hata mimi sitaki," alisema.